Luteni Kanali Stanislav Petrov na Zamu ya Usiku Mmoja

Mlinzi wa usiku ana kazi mbili. Ya kwanza ni kupiga ukelele mwizi ajapo; ya pili ni kunyamaza mwizi asipokuja. Kazi ya kwanza huonekana na kusifiwa, kwa kuwa watu huamka, huwasha taa na kushuhudia. Kazi ya pili haina shahidi. Mji mzima hulala, asubuhi hufika kama ilivyo desturi yake, na hakuna ajuaye kwamba usiku uliopita mlinzi alisikia kishindo, akatega sikio, akapima, akaona kuwa kilikuwa kishindo cha upepo. Habari za Stanislav Yevgrafovich Petrov, afisa wa Jeshi la Ulinzi wa Anga la Umoja wa Kisovyeti, ni habari za mlinzi wa namna ya pili. Kwa sababu hiyo zilichelewa kujulikana, na hata zilipojulikana zilizua ubishi ambao haujesha.

Petrov alizaliwa mwezi wa Septemba, 1939, karibu na mji wa Vladivostok, katika pwani ya mashariki ya mbali ya Urusi. Mwezi huo ndio Vita Kuu ya Pili ilipoanza katika Ulaya. Baba yake alikuwa rubani wa ndege za kivita katika vita hivyo, na mama yake alikuwa muuguzi. Mtoto wa askari aghalabu hufuata njia ya baba yake, na Petrov naye alivaa sare. Lakini njia yake haikuwa ya bunduki wala ya usukani wa ndege. Alisomea uhandisi katika chuo cha kijeshi cha anga katika mji wa Kiev, akahitimu mwaka 1972, akaingizwa katika Jeshi la Ulinzi wa Anga. Elimu yake ilikuwa ya hesabu, ya mitambo na ya mawimbi. Jambo hili halina budi kukumbukwa, maana ndilo litakaloeleza mengi hapo mbele.

Jeshi aliloingia lilikuwa na historia ya namna yake. Katika mataifa mengi ulinzi wa anga ni tawi la jeshi la ndege. Warusi, ambao mwaka 1941 waliona ndege za Wajerumani zikiteketeza miji yao na mamia ya ndege zao zikiungua ardhini kabla hazijaruka, waliona vingine. Mwaka 1948 waliutenga ulinzi wa anga ukawa jeshi kamili, lenye ndege zake, mizinga yake, rada zake, na baadaye makombora yake. Jeshi hilo lilifundishwa neno moja juu ya maneno yote: adui asipite tena bila kuonekana. Tarehe 1 Mei, 1960, lilipata ushindi wake mashuhuri lilipoiangusha karibu na Sverdlovsk ndege ya kijasusi ya Kimarekani ya aina ya U-2, iliyorushwa na Francis Gary Powers. Ulimwengu ulisikia habari za Powers. Haukusikia kwa miaka mingi kwamba katika ghasia ya siku ile ile kombora la Kisovyeti liliipiga pia ndege ya Kisovyeti, na rubani wake, Sergei Safronov, akafa. Basi tangu siku ya ushindi huo lilikuwamo fundisho la pili: jicho linaloogopa kutoona huweza kuona kupita kiasi.

Makombora ya nyuklia yalipochukua nafasi ya ndege, kazi ya kulinda ilibadilika. Kombora lirushwalo kutoka katikati ya Marekani huweza kufika Urusi kwa muda wa nusu saa hivi. Rada iliyo ardhini haiwezi kuliona mpaka liinuke juu ya upeo wa macho, na hapo sehemu kubwa ya muda huo imekwisha kupita. Ili kuongeza dakika chache za kufikiri, wahandisi wa Kisovyeti walibuni mfumo ulioitwa Oko, neno la Kirusi cha zamani lenye maana ya jicho. Setilaiti zake zilizunguka dunia katika njia ndefu yenye umbo la yai, zikipanda hadi umbali wa kilomita 40,000 hivi, na kazi yake ilikuwa kuutambua moto wa kombora lipandapo kutoka viwanja vya Marekani. Setilaiti hizo hazikuangalia nchi kwa wima. Ziliiangalia kwa ubavu, ili moto uonekane juu ya weusi wa anga tupu na usichanganyike na mng'ao wa jua juu ya mawingu. Ulikuwa uamuzi wa akili sana. Na kama ilivyo kwa maamuzi mengi ya akili, ulikuwa na mlango mmoja ulioachwa wazi.

Kituo cha kupokea habari za setilaiti hizo kilikuwa Serpukhov-15, mahali pa siri kusini mwa Moscow, ambapo handaki lilijengwa na kompyuta kubwa zikawekwa. Petrov alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi hapo tangu mfumo ulipokuwa mchanga. Aliujua kama fundi aijuavyo nyumba aliyoijenga mwenyewe: alijua ukuta upi ni imara, na alijua pia ni wapi chokaa ilipakwa kuficha ufa. Mfumo uliingizwa katika kazi rasmi mwaka 1982, wakati ambapo mafundi wake wenyewe walikuwa bado hawajaridhika nao. Petrov, ambaye sasa alikuwa na cheo cha luteni kanali, hakuwa mtu wa zamu za kila siku. Alikuwa mchambuzi, naye alikalia kiti cha afisa wa zamu mara chache tu kwa mwezi, ili mkono wake usisahau kazi.

Mwaka 1983 ulikuwa mwaka mbaya. Mwezi wa Machi, Rais Ronald Reagan wa Marekani aliuita Umoja wa Kisovyeti dola ya uovu, na siku chache baadaye akatangaza mpango wa kujenga ngao ya anga dhidi ya makombora. Wamarekani walikuwa wakijitayarisha kuweka Ujerumani ya Magharibi makombora ya Pershing II, ambayo yangefika shabaha zake kwa muda mfupi mno. Huko Moscow mtawala alikuwa Yuri Andropov, mgonjwa, aliyekuwa mkuu wa idara ya ujasusi kwa miaka mingi, na ambaye hofu ya kushambuliwa ghafla haikumtoka moyoni. Wakubwa wa pande zote mbili walizungumza kwa vitisho, na wadogo wao, kama ilivyo desturi, walisikia vitisho hivyo kuwa ni amri.

Tarehe 1 Septemba ya mwaka huo, ndege ya abiria ya Shirika la Ndege la Korea, safari namba 007, ilikuwa ikitoka New York kwenda Seoul kwa njia ya Anchorage. Ilipotea njia yake, ikapita juu ya Kamchatka na kisha juu ya kisiwa cha Sakhalin. Maafisa wa ulinzi wa anga waliidhania kuwa ni ndege ya kijasusi. Amri ilitolewa, ndege ya kivita ya aina ya Su-15 ikaifuata na kuipiga kwa makombora, na watu wote 269 waliokuwamo wakafa. Waliotoa amri walifuata kanuni. Chombo kisichojulikana kilikuwa kimeingia katika anga ya nchi. Kilikuwa karibu kutoka. Muda wa kufikiri ulikuwa mfupi. Na jeshi lao lilikuwa limefundishwa kwa miaka thelathini na mitano kwamba kosa kubwa kupita yote ni kumwacha adui apite. Kwa hiyo walipiga, kisha wakajua.

Siku ishirini na tano baada ya msiba huo, jeshi lile lile lilitiwa katika mtihani mwingine. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba, Petrov alikuwa kitini pa zamu huko Serpukhov-15. Hakupangiwa usiku huo; alishika zamu ya mwenzake. Mara baada ya saa sita ya usiku king'ora kililia, na juu ya ubao wa mbele ya ukumbi likawaka kwa wekundu neno la Kirusi lenye maana kwamba kombora limerushwa. Kompyuta ilionyesha kuwa kombora moja limepanda kutoka kiwanja cha Marekani, na kwamba uhakika wa habari hiyo ni wa daraja la juu kabisa.

Watu waliokuwa chini ya Petrov walisimama kutoka vitini mwao wakamtazama. Yeye mwenyewe alieleza baada ya miaka mingi kwamba miguu ilimlegea, na kwamba kiti alichokalia kilikuwa kama kikaango cha moto. Aliwaamuru warudi katika kazi zao. Aliuliza wale waliokuwa wakitazama picha za setilaiti kwa macho yao kama wanaona moto wowote. Walijibu kuwa hawaoni. Alishika simu, akawaarifu wakubwa wake kwamba king'ora kinachosikika ni cha uongo. Hata kabla hajamaliza kusema, king'ora kililia tena: kombora la pili. Kisha la tatu, la nne, na la tano. Maandishi ya ubao yalibadilika. Hayakutaja tena kurushwa kwa kombora, bali shambulio la makombora.

Hapa yafaa kusimama na kueleza mamlaka ya afisa huyo yalikuwa nini hasa, maana wasimulizi wengi huyatia chumvi. Petrov hakuwa na kitufe cha kurusha makombora. Kazi yake ilikuwa kusema neno moja kati ya mawili: habari hii ni ya kweli, au habari hii si ya kweli. Neno hilo lingepanda kwa makamanda wa jeshi lake, kutoka hapo kwa Mkuu wa Majeshi, na kutoka hapo kwa Andropov. Wakubwa hao wangekuwa na dakika chache za kuamua kama wajibu mapigo kabla makombora hayajafika. Hata hivyo, neno la mtu wa kwanza katika mnyororo kama huo lina uzito usiolingana na cheo chake. Mtu aamshwaye usiku na kuambiwa kwamba nyumba inaungua haulizi maswali yale ambayo angeuliza kama angeambiwa kwamba kuna harufu ya moshi.

Petrov alishikilia neno lake la kwanza, kwamba habari ile ni ya uongo. Sababu zake alizitaja mara nyingi, nazo ni sababu za mhandisi. Ya kwanza ni idadi. Marekani ilikuwa na makombora 1,000 hivi ya aina ya Minuteman. Taifa linaloamua kuanzisha vita vya mwisho vya ulimwengu halianzi kwa makombora matano na kumwachia adui mengine yote ya kujibia. Ya pili ni upya wa mfumo: aliujua udhaifu wake, tena kombora lilipita mno kwa urahisi katika hatua zote za uhakiki ambazo kompyuta ilitakiwa kufanya. Ya tatu ni ushahidi wa pili: macho ya wanadamu hayakuona kitu katika picha, na rada za ardhini hazikuwa na habari yoyote. Juu ya sababu hizo kulikuwa na jingine ambalo si hesabu. Alikiri kwamba hakuwa na yakini. Alikadiria kuwa uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu. Aliamua akiwa na shaka, kisha akangoja. Dakika zilipita hadi muda ambao rada zingalipaswa kuyaona makombora kama yangekuwapo. Rada hazikuona kitu.

Uchunguzi uliofuata uliupata ule mlango ulioachwa wazi. Siku zile zilikuwa karibu na wakati ambapo usiku na mchana hulingana. Setilaiti moja, jua, na kiwanja cha makombora vilikaa katika mstari wa namna ya pekee, na mwanga wa jua ukaakisiwa na mawingu ya juu sana hadi katika jicho la setilaiti. Jicho lililowekwa kwa ubavu ili lisidanganywe na mng'ao wa mawingu likadanganywa na mng'ao wa mawingu. Baadaye dawa ilitafutwa kwa kulinganisha habari za setilaiti hizo na za nyingine iliyokaa mahali pamoja juu ya ikweta. Kwa lugha ya ufundi, hilo lilikuwa kosa dogo lililorekebishwa.

Kwa lugha ya ofisi mambo hayakuwa mepesi hivyo. Mkuu wake, Kanali Jenerali Yuri Votintsev, alimpongeza hapo kwanza, na ahadi ya tuzo ikatajwa. Kisha uchunguzi ukageuka. Petrov aliulizwa kwa nini daftari la zamu halikuandikwa wakati wa tukio. Alijibu kwamba mkono mmoja ulishika simu na wa pili ulishika chombo cha kusemea na wasaidizi wake, naye hakuwa na mkono wa tatu. Alikaripiwa kwa ajili ya daftari. Tuzo haikuja. Petrov aliielewa sababu yake: kama angetuzwa yeye, ingebidi walaumiwe wale waliobuni mfumo, nao walikuwa wanasayansi wenye heshima kubwa na majenerali waliowaamini. Ukweli wa mtu mdogo ukiwa unaaibisha makosa ya wakubwa, hutafutiwa kosa dogo la kuusawazisha. Mwaka 1984 aliacha jeshi, ijapokuwa alisisitiza kwamba hakufukuzwa, akaajiriwa katika taasisi ile ile iliyobuni mfumo wa tahadhari.

Siri ilidumu mpaka Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika. Miaka ya 1990, Votintsev mwenyewe alilitaja tukio hilo katika kumbukumbu zake, na magazeti ya Ulaya yakamtafuta Petrov. Walimkuta katika mji mdogo wa Fryazino, karibu na Moscow, akiishi kwa pensheni katika nyumba ya kawaida. Alikuwa amekwisha acha kazi ili amuuguze mkewe, Raisa, aliyefariki kwa saratani mwaka 1997. Heshima zilianza kufika kutoka nje. Mwaka 2004 alipewa tuzo na Chama cha Raia wa Dunia. Mwaka 2006 alitunukiwa tena mjini New York katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa. Na mwaka 2013 alipokea Tuzo ya Dresden ya amani. Filamu ilitengenezwa kuhusu maisha yake, na jina lake likaambatanishwa na maneno makubwa, kwamba yeye ndiye aliyeuokoa ulimwengu.

Maneno hayo yalipata wapinzani. Mwaka 2006 ujumbe wa Urusi katika Umoja wa Mataifa ulitoa taarifa kwamba hakuna mtu mmoja aliyeweza kuanzisha wala kuzuia vita vya nyuklia, kwa sababu uamuzi wa namna hiyo ulihitaji uthibitisho wa njia nyingi kwa pamoja: setilaiti, rada, na ujasusi. Hoja hii haifai kudharauliwa. Inawezekana sana kwamba, hata kama Petrov angesema habari ile ni ya kweli, mtu mwingine juu yake angaliuliza ziko wapi rada. Lakini hoja hiyo ina upungufu wake. Inaeleza kanuni zilivyoandikwa, na kanuni ziliandikwa pia kwa ajili ya anga ya Sakhalin. Huko nako zilikuwapo hatua za kumtambua mgeni kabla ya kumpiga. Nazo zilivukwa moja baada ya nyingine na watu waliokuwa na hofu na haraka. Mfumo wenye milango mingi ya usalama hufaa iwapo kila mlango una bawabu anayejua kuufunga. Asemaye kwamba bawabu wa kwanza hakuwa na maana, kwa kuwa nyuma yake walikuwapo wengine, anawakabidhi wale wengine kazi ambayo nao wangeweza kumkabidhi aliye nyuma yao.

Wala jambo hili halikuwa la Warusi peke yao. Tarehe 9 Novemba, 1979, kompyuta za makao ya ulinzi wa anga ya Marekani ya Kaskazini zilionyesha shambulio kubwa la makombora ya Kisovyeti. Ilikuwa ni programu ya mazoezi iliyoingia katika mitambo ya kazi. Mwezi wa Juni, 1980, zilionyesha tena shambulio, na hapo kosa lilikuwa la kipande kidogo cha kompyuta kilichoharibika. Mara zote mbili maafisa walitafuta ushahidi wa rada na setilaiti, wakaona kwamba hapana kitu. Mashine za pande zote mbili ziliwahi kusema uongo kwa sauti ya yakini, na pande zote mbili ziliokolewa na watu walioiuliza mashine swali ambalo mashine haikujiuliza.

Petrov mwenyewe alieleza tofauti yake na wenzake kwa neno moja la haki. Alisema kwamba wenzake walikuwa askari wa kazi, waliofundishwa kutoa amri na kuzitii, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na malezi ya uhandisi. Kama mwingine angelikuwa kitini usiku ule, huenda habari ingepandishwa juu kama ilivyokuja. Katika maneno haya hakuna majivuno, mna shutuma. Maana yake ni kwamba usalama wa mamilioni ulitegemea orodha ya zamu, na orodha hiyo ilibadilishwa siku ile kwa bahati. Mwanahistoria anayemsifu Petrov bila kulitaja hilo anamsifu mtu na kuusamehe mfumo. Sifa iliyo kamili yapasa kuwa na pande mbili: shukrani kwa aliyefikiri, na swali kwa waliojenga mahali ambapo kufikiri kulikuwa ni nasibu.

Yeye hakupenda kuitwa shujaa. Alisema mara nyingi kwamba alifanya kazi yake, na kwamba alikuwa mtu aliyefaa mahali palipofaa. Mkewe hakujua habari za usiku ule kwa muda wa miaka kumi. Alipozijua alimwuliza mumewe ni nini alichofanya, naye Petrov akamjibu kwamba hakufanya kitu.

Alifariki Fryazino tarehe 19 Mei, 2017, akiwa na umri wa miaka 77. Ulimwengu ambao jina lake lilikuwa limeuzunguka haukujua kwamba amekufa. Habari zilienea mwezi wa Septemba, miezi minne baadaye. Jeshi lake halikuwapo tena, maana mwaka 1998 liliunganishwa na jeshi la ndege. Mfumo wa Oko nao ulikuwa umekwisha kustaafu, na mwingine umechukua mahali pake. Zamu haijastaafu. Katika mahandaki ya mataifa kadhaa wako usiku na mchana maafisa wa vyeo vya kati, mbele yao ziko mbao zinazoweza kuwaka, na dakika walizo nazo si nyingi kuliko zile alizokuwa nazo Petrov. Wanafunzi wa historia hufundishwa kuyachunguza maamuzi ya wafalme na marais. Yafaa wachunguze pia jinsi watu hawa wanavyochaguliwa, wanavyofundishwa, na wanavyotendewa asubuhi, pale wanapokuwa wamesikia kishindo usiku na kusema kwamba ni upepo.